Maji ya ami ndiyo ada yangu, na sasa nimeyapima

Barua ya wiki hii tumeipunguza kidogo, na tumeondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeiandika.

Bi Mshauri, asalaam aleikum, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 24, niko mwaka wa mwisho katika chuo kimoja hapa Unguja. Nasomea sayansi ya mazingira, na kilichonikaa moyoni ni mikrobiolojia pamoja na toksikolojia ya mazingira: vijidudu upande mmoja, sumu za majini na ardhini upande wa pili. Nilipoanza, mama alikuwa haelewi nasomea nini hasa. Ikaja Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja wakafa Pemba, Kisiwa Panza, kwa kula nyama ya kasa, na makumi ya wengine wakalazwa. Mama akaniuliza, "Kwani hawakupika?" Nikamwambia walipika, lakini ile ni sumu, si kijidudu, moto hauiwezi. Tangu siku ile akiulizwa mwanawe anasomea nini hujibu, "Anasomea yale yasiyokufa kwa moto."

Kwetu ni kijiji kimoja cha Kusini, upande wa maweni. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Aliyenilea na kunisomesha ni ami yangu, mdogo wake marehemu. Mimi na mama tunakaa kwenye nyumba yake, uani kwake. Kisima tunachotumia alikichimba babu kwa mikono, kwa nia ya sadaka. Ami aliporudi kutoka Dar es Salaam alikitia pampu, akajenga mnara wa tangi, akaanza kuuza maji. Dumu la lita ishirini shilingi mia mbili, na nyumba za wageni za pwani anazipelekea kwa gari. Msikitini na kwa wajane hachukui kitu. Hizo mia mbili mia mbili ndizo ada yangu. Nimemuona usiku akizihesabu, akizifunga kwa mpira, asubuhi ananipa na kuniambia, "Kasome, usiniangushe."

Kwa utafiti wangu wa mwisho nilichagua maji ya visima vya eneo letu. Nilichukua visima 14, kila kimoja nikakipa alama, K1 mpaka K14, ili mwenyewe asijulikane. Cha ami ni K9. Nilimpa fomu ya ridhaa kama wenzake, akatia saini bila kusoma, akacheka: "Unaniomba ruhusa ya kisima cha babu yako?" Nilichukua maji mara mbili, Novemba wakati wa vuli na Aprili wakati wa masika. Yalitoka mdomo wa pampu, baada ya kuupiga moto, yakaingia chupa safi, kisha kwenye barafu mpaka maabara siku ile ile.

Unachuja mililita 100, karatasi ya chujio unailaza kwenye agari, rojo la kuoteshea vijidudu, unaitia inkyubeta, kasha la joto, usiku kucha, kesho yake unahesabu vitone vilivyoota. Maji ya kunywa yanatakiwa yasiwe na E. coli, bakteria wa kinyesi, hata mmoja katika mililita 100. K9 ilitoa vitone 38 Novemba. Aprili sahani ilijaa, havihesabiki. Nilirudia, ikawa vile vile. Nitrati nayo, chumvichumvi inayoingia majini kutoka kwenye kinyesi au mbolea, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 50 kwa lita, Novemba ilikuwa 64, Aprili 71. Msikiti ulijenga vyoo vipya miaka mitatu iliyopita, hatua kama kumi na tano kutoka kisimani.

Msimamizi wangu ameniambia majina ya visima ni siri ya utafiti. Kazi ikishapitishwa, chuo kitapeleka ripoti kwa wanaohusika. Ameniambia pia, "Wewe ni mtafiti, si afisa afya." Mama nilipomdokezea alishika kichwa. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Umebakisha muhula mmoja." Wiki tatu zijazo natetea tasnifu mbele ya watu. Ramani yangu ina alama tu, lakini darasani mwangu yumo binti wa sheha wetu, na kisima chenye mnara kando ya msikiti ni kimoja tu.

Kubwa zaidi ni hili. Wifi yangu, mke wa kaka, ana mtoto wa miezi miwili. Maziwa yake hayakutoka vizuri, kwa hiyo mtoto anakunywa ya kopo. Wifi ni mtu msafi, maji anayachemsha mpaka yanatokota. Vijidudu vinakufa. Nitrati haifi, na maji yakipungua kwa mvuke ndiyo inazidi kukolea. Nimemdanganya kwamba kopo limeandikwa litumiwe na maji ya chupa. Uongo huo una wiki ya tatu sasa, na pesa ya chupa natoa kwenye nauli yangu. Inakwisha.

Mimi mwenyewe tangu Aprili nikienda nyumbani nasingizia nimefunga, nisiletewe maji. Ami anafurahi, anawaambia watu kwamba mtoto wa marehemu ni mcha Mungu.

Darasani tulisomeshwa habari ya John Snow, daktari wa London aliyesababisha bomba la mtaa wa Broad Street ling'olewe mkono mwaka 1854, kipindupindu kikiwamaliza watu waliokunywa maji yake. Mwalimu alipofika hapo darasa zima lilipiga makofi, na mimi nilipiga. Siku hizi nikikumbuka naona haya. Snow hakuwa na ami mwenye bomba lile.

Nikisema, nimemvunja aliyenishika mkono. Nisiposema, nawanywesha watu uchafu. Nisaidie.

Mwenye K9, Kusini Unguja



Mwenye K9, aleikum salaam, na marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Mimi si mtu wa maabara. Kwa hiyo nilimtafuta mzee mmoja aliyefanya kazi ya maji umri wake mzima, nikamwekea mambo yako mezani bila kumtajia wewe wala kijiji. Aliuliza maswali mengi kuliko mimi. Nitakuchanganyia yake na yangu.

Ulivyoliweka mwenyewe, jambo lako lina njia mbili na zote zina msiba: kumvunja ami au kuwanywesha watu uchafu. Nikasoma tena nikaona umefunga kamba moja mambo mawili yasiyotembea mwendo mmoja. Kuna kisima, na kuna kopo la maziwa. La kisima lina miaka mitatu, na likipata siku chache za fikra halitaharibika zaidi. La kopo linachanganywa kila saa tatu, usiku na mchana, kwa hiyo naanza na hilo.

Wewe unajua kwa nini, lakini safu hii inasomwa na wengi wanaochemsha maji kwa nia njema kama wifi yako, basi nawaeleza. Nitrati kwa mtu mzima mwenye afya si jambo la kumwangusha. Kwa mtoto mchanga, hasa aliye chini ya miezi sita anayenyweshwa maziwa ya kopo, bakteria wa tumboni wanaweza kuigeuza ikawa nitriti, na nitriti ikiingia kwenye damu inaishika himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Midomo na kucha hugeuka rangi ya buluu, mtoto akachoka, akapumua kwa shida. Ukiona hivyo, ni hospitali moja kwa moja, hakuna kungoja asubuhi. Mama yako alilielewa jambo hili kabla ya wengi, siku ile ya kasa. Tumezoea kwamba moto husafisha kila kitu, kwa sababu tangu kipindupindu kilipoingia visiwani mwaka 1978 tunaambiwa tuchemshe, na ni kweli, tuchemshe. Lakini hilo ni neno la vijidudu. Sumu ina mlango mwingine.

Sasa uongo wako wa maji ya chupa. Umeusema kwa mapenzi, sikulaumu hata kidogo. Ila nakuuliza: siku nauli ikikwisha na wewe uko chuoni, wifi atafanya nini? Atarudi kwenye sufuria yake na kuchemsha kwa bidii zaidi, maana hajui kwamba bidii yake ndiyo inayokoleza. Umemlinda mtoto kwa wiki tatu, lakini mama yake umemwacha gizani, na anayeamka saa tisa ya usiku kukoroga maziwa ni yeye. Mzee wangu wa maji alisema kitu ambacho wewe unacho na wengine hawana: umepima visima 14. Lazima unajua kimoja au viwili vyenye nitrati ndogo. Maji ya huko yakichemshwa yatamfaa mtoto bila ya shilingi ya chupa, na mvua ikinyesha, maji ya bati yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa nayo ni njia. Huhitaji kumfungulia wifi tasnifu nzima. Lakini ukimwambia kweli, usijidanganye kwamba itabaki kwake. Wifi atamwambia kaka yako, na kaka yako atakuwa kwa ami kabla ya Isha. Ndiyo maana nimeanza na kopo. Siku ya kumwambia wifi huenda ndiyo siku ya kumwambia ami, na pengine ami itabidi atangulie kwa saa moja.

Hapo utaniambia, "Lakini Bi, ni siri ya utafiti." Twende polepole. Hiyo fomu ambayo ami alitia saini bila kusoma, wewe uliisoma? Fomu nyingi za ridhaa zinasema jina la mshiriki halitatajwa, na nyingi zinasema pia kwamba mshiriki anaweza kupewa majibu yake. Sijui yako inasema nini, iko kwako. Ila katika barua nzima unalitumia neno siri kana kwamba ami ni mmoja wa wanaofichwa. Nionavyo mimi, ile siri ni yake. Imewekwa ili binti wa sheha asijue K9 ni nani, haikuwekwa ili mwenye K9 asijue anakunywa nini. Msimamizi wako ana haki ya kuogopa majibu yasitoke ovyo kabla ya kupitishwa, maana mtafiti anayekimbilia barazani na sahani yake anaweza kuharibu kazi na kuwatia watu hofu bure. Lakini umemuuliza swali hili hasa, au ulimuuliza jingine? Kuna tofauti kati ya "nitangaze kisima kimoja kibaya" na "kuna mtoto wa miezi miwili anayenyweshwa maji ya nitrati 71, utaratibu unasemaje nikitaka kumjulisha mwenye kisima?" La kwanza yeyote angelikataa. La pili sidhani kama amewahi kulisikia kutoka kwako.

Jambo linalofuata ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Katika barua yako ami umemtaja katika karibu kila aya. Vyoo vya msikiti umevitaja mara moja, mstari mmoja, katikati ya nambari, na ukapita haraka. Nilimsomea mzee wangu mstari ule akaniomba niurudie. Alisema E. coli na nitrati zikipanda pamoja, na masika yakizidisha zote mbili, mtu wa maji kitu cha kwanza anachotafuta ni karo, yaani shimo la maji machafu ya choo. Tangi chafu linaweza kuleta vijidudu lakini haliwezi kuleta nitrati, na wewe ulichukua maji mdomo wa pampu. Vitabu vinasema choo na kisima viachane angalau mita 30. Hapo ni penye udongo wa kuchuja. Kwenu maweni maji hayachujwi, yanatumbukia kwenye nyufa za mawe ya matumbawe na kutembea chini kama kwenye bomba, na hata hizo 30 haziahidi kitu. Hatua kumi na tano ni nini hapo?

Huu si ushahidi uliokamilika, nawe unajua hivyo kuliko mimi. Lakini tazama unavyobadilika mchoro. Kisima kilikuwepo tangu babu. Karo lina miaka mitatu. Wewe umejiandaa kwenda kwa ami kama anayemwendea mkosaji, na huenda unamwendea aliyekosewa, tena na watu waliojenga vyoo kwa nia njema na kwa michango, ambayo sitashangaa kama ami mwenyewe alitoa. Ukianza na "maji yako ni machafu", umempa mtu aibu. Ukianza na "kisima cha babu kimeingiliwa", umempa jambo la kushughulikia. Sikuambii useme lipi. Nakuonyesha tu kwamba vipimo vyako vinaruhusu yote mawili, na wewe umekuwa ukiishi na moja.

Umeniletea John Snow, nami nilikwenda kumsoma kidogo, kwa sababu nilitaka kujua alifanya nini hasa kabla ya makofi ya darasani. Hakupanda juu ya bomba akapiga kelele. Tarehe 7 Septemba 1854 alikwenda jioni kwenye kikao cha wasimamizi wa mtaa ule, akawaeleza alichokiona, na kesho yake mkono ukaondolewa. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba wakati huo maradhi yalikuwa yameshaanza kupungua, maana wengi walikuwa wamekimbia. Ila aliyenivutia zaidi ni mwengine, kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead. Huyu hakumwamini Snow. Alikuwa akiwajua wakaazi nyumba kwa nyumba, akaanza kuwauliza ili amuonyeshe daktari kwamba amekosea, na maswali yake mwenyewe yakamleta upande wa Snow. Ndiye aliyefuatilia mpaka kwa mtoto mchanga wa nyumba nambari 40, ambaye maji ya nepi zake yalimwagwa kwenye karo la nyumba, na karo lilipofukuliwa likakutwa linavuja, karibu mno na kisima cha bomba. Karo tena, mwanangu. Na aliyelipata ni mtu wa ndani, anayejua nani anakaa wapi. Unasema Snow hakuwa na ami mwenye bomba. Kweli. Lakini wewe katika habari hii unaweza kuwa Whitehead, na huyo alikuwa na mtaa mzima wa kina ami.

Tuje kwa mama. Umeyaandika maneno yake kama ya mtu anayeogopea ada yako. Pengine. Lakini anayelala kwenye nyumba ya ami ni yeye. Wewe una bweni, una cheti kinakuja, una muhula mmoja. Kama ami atakasirika na kunyamaza miezi sita, kimya hicho atakaa nacho mama yako, uani, kila siku akipita na ndoo. Kabla hujafanya lolote ningependa umkalie chini umuulize anaogopa nini kwa nafsi yake, si kwa ajili yako. Huenda akakupa sababu ya kungoja ambayo hukuijua. Huenda pia, akishaulizwa, akasema twende pamoja. Na jambo jingine: ami mwenyewe amewahi kutishia kukata ada? Barua haisemi hivyo. Inamuonyesha mtu anayewapa wajane maji bure na kufunga noti kwa mpira. Watu wa namna hiyo hukasirika pia, sikatai, tena hasira zao huwa na uchungu, kwa sababu jina lao ni wema wao. Nakuomba tu uipime hofu hii kama ulivyopima maji, ujue ipi umeiona na ipi umeidhania.

Njia ulizonazo mimi naziona hivi. Unaweza kumwendea peke yake, na karatasi ya K9 tu mkononi. Faida yake ni heshima, anasikia kwako kabla ya kusikia kwa sheha. Hatari yake ni kwamba atakachofanya baada ya hapo hukishiki wewe. Anaweza kukuambia unyamaze, na hapo utakuwa na siri mbili badala ya moja, na ya pili ni nzito zaidi. Jiulize mapema utamjibu nini akikuambia hivyo, usije ukajibu kwa machozi. Unaweza pia kumuomba msimamizi kwamba wenye visima wote 14 wapewe majibu yao kwa mpigo, kila mtu bahasha yake, pengine akiwepo afisa afya wa kuwaeleza. Hapo ami hatengwi, na nina hakika K9 si peke yake iliyochafuka, ingawa hukuniambia za wenzake. Hatari ya njia hii ni wakati. Mambo ya ofisi unayajua, bahasha inaweza kungoja saini mpaka vuli. Kwa kisima huenda ukavumilia. Kwa kopo haiwezekani.

Unaweza pia kungoja siku ya kutetea. Sikuondolei njia hii, ina watu wengi waliowahi kuipita wakafika. Lakini binti wa sheha hatahitaji ramani. Ami akisikia kutoka kwake, kitakachomuuma si bakteria. Kitamuuma kwamba ulikula kwake kuanzia Aprili na ulikuwa unajua. Kama utangoja, basi angalau zungumza na msimamizi kuhusu ile ramani, iwe ya eneo zima bila kuonyesha mnara uko wapi.

Kuna mtego mmoja kwenye njia zote, na hapa elimu yako ndiyo yenye kazi. Ami akikubali, siku hiyo hiyo atasema, "Basi nitatia klorini." Ni jibu zuri kwa nusu ya tatizo. Klorini ikitiwa kwa kipimo, ikakaa nusu saa na bado ikabakia kama nusu miligramu kwa lita, itaua wale waliojaza sahani yako. Nitrati haitaigusa. Ataona maji yananukia dawa, wateja watafurahi, na mama mwengine kijijini atakoroga kopo kwa moyo mweupe. Kwa hiyo ukimweleza, mweleze mawili kwa majina mawili. Na kama Kiswahili cha maabara kitakukwama, mkumbushe kasa. Hakuna Mzanzibari asiyeijua habari ile, na hakuna atakayekuambia kwamba watu wale hawakupika.

Riziki yake nayo haiishi kwa neno lako kama unavyodhani. Maji yale yanafaa kufulia, kujengea, kumwagilia. Nyumba za wageni, huenda nusu ya wanachonunua kinakwenda kwenye vyoo na bustani. Karo linaweza kuhamishwa au kujengwa upya lisivuje, na msikiti una kamati. Lipi kati ya hayo litakubalika kwenu sijui. Ninachojua ni kwamba mtu anayejua kuhesabu mia mbili mia mbili anajua pia kuhesabu hasara, na huenda akapendelea kuhesabu mwenyewe kuliko kuhesabiwa.

Mwisho nina neno dogo kuhusu saumu yako. Chai ya ami imechemka, vijidudu vimekufa, na kwa mwanamke mzima kama wewe kikombe kimoja cha nitrati ile si cha kukukimbiza. Maji mabichi ungeweza kuyakwepa kwa visingizio vyepesi zaidi ya hicho. Kwa hiyo nadhani unachokwepa pale mezani si maji. Jumatatu na Alhamisi zina sunna yake, utapita. Lakini ukienda nyumbani mwisho wa wiki, ami siku moja atakuuliza kwa nini binti yake anafunga Jumapili.